UZI: Watoto watatu wanatosha kwa utafiti? Naandika kutoka kitengo cha elimu maalumu, kishikwambi kimoja mkononi

Mwalimu_wa_Kitengo

Wanajamvi, salaam. Kuna walimu wenzangu walioniomba niyaandike haya kwa Kiswahili, na leo nimepata nafasi. Mimi ni mwalimu wa awali kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, huku nikisoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu ni juu ya watoto wasiozungumza: je, kishikwambi kinachotoa sauti kinaweza kuwasaidia kuomba wanachokitaka?

Pendekezo langu lilirudishwa mara ya kwanza nilipolipeleka mbele ya jopo. Sababu waliyotoa ni kwamba sampuli yangu ya watoto watatu ni ndogo mno. Nikaambiwa nitumie kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kama tasnifu nyingine zilizo kwenye rafu. Kwa asiyeijua, unachukua idadi ya watu wote, unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara mraba wa kosa unalolikubali, ambalo wengi huweka 0.05. Nilikaa nikapiga hesabu. Kitengo changu kina watoto 9. Tisa gawanya kwa 1.0225, jibu ni 8.8. Yaani kanuni inaniambia nichukue watoto wote, kisha nigawe dodoso. Nimpe nani? Mmoja ana mtindio wa ubongo, kalamu haishikiki. Mwingine ana usonji, hana neno hata moja. Mwingine ni kiziwi na lugha ya alama ndiyo kwanza anaianza. Basi ningewapa wazazi na walimu, na mwisho wa yote ningeandika kwamba asilimia kadhaa ya wahojiwa "wanakubali sana" kuwa kishikwambi kinasaidia. Mtoto mwenyewe hajapimwa popote.

Ninachokiamini, na nimekitetea mpaka kikapita mara ya pili, ni hiki: ukitaka kujua kama kitu kimemsaidia mtoto mdogo mwenye ulemavu, mpime yeye. Mpime mara nyingi, kabla na baada, na umlinganishe na yeye mwenyewe. Watoto wawili wenye cheti kimoja cha usonji wanaweza kutofautiana kuliko mtoto wa darasa la kwanza na wa darasa la saba. Ukichukua wastani wa watoto 9 wa namna hii, unapata mtoto wa kumi ambaye hayupo darasani.

Njia hii si mpya. Mwaka 1964, Florence Harris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle waliandika habari za binti wa miaka mitatu na ushei aliyekuwa chekechea na muda mwingi akitambaa, ingawa kutembea alikuwa anajua. Walimu walikuwa wakimkimbilia kila anapokuwa chini. Wakageuza: akisimama wanamshughulikia, akitambaa wanamwacha. Haikuchukua muda akawa anatembea. Kisha wakafanya jambo ambalo mwalimu wa kawaida asingelifanya, wakarudisha mambo kama yalivyokuwa mwanzo. Binti akarudi chini. Wakageuza tena, akasimama. Mtoto mmoja tu, lakini ukisoma habari ile huna shaka kilichomwinua ni nini.

Nitaendelea. Maswali yanakaribishwa.

---

Fundi_Takwimu

Mwalimu, heshima kwako kwa kazi ya kitengo, siyo nyepesi. Ila hapa sikubali kirahisi. Watoto wadogo wanakua. Leo hana neno, baada ya miezi mitatu analo, hata ungemwacha acheze na mchanga. Watoto 3 bila kundi la kulinganisha, utatenganishaje kukua na kishikwambi chako?

Nikuongezee mfano wa kwetu. Lile shindano la programu za kujifunzia kwa kishikwambi, Global Learning XPRIZE, lilifanyika hapahapa Tanga. Watoto takriban 2,700, vijiji karibu 170, programu za timu 5 zilizofika fainali, muda wa miezi 15. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Huo ndio ukubwa unaomfanya waziri asikilize.

---

Mwalimu_wa_Kitengo

Mkuu, swali lako la kukua ndilo lililoninyima usingizi kuliko yote, kwa hiyo naomba nilijibu taratibu.

Wale wa Seattle waliweza kugeuza na kurudisha. Mimi siwezi. Mtoto akishajua kuomba maji, hawezi kusahau kwa sababu nimezima kifaa, na hata kama angesahau, kumnyang'anya mtoto sauti ili grafu yangu ipendeze ni jambo nisilolikubali. Watafiti wa tabia Baer, Wolf na Risley waliliona hili tangu 1968 na wakaeleza njia nyingine: kuanza kwa zamu.

Nina watoto watatu. Majina yao siyaandiki hata kwenye daftari. Kila mmoja namwita kwa picha iliyobandikwa kwenye kikombe chake. Jogoo, Samaki na Mwezi. Wote watatu nimeanza kuwapima siku moja. Kila asubuhi baada ya uji, dakika 15, natengeneza nafasi 10 za kuomba: kikombe kipo lakini hakina maji, mpira uko juu ya kabati, kopo la vidoli limefungwa. Nahesabu wameomba mara ngapi. Hicho ni kipindi cha msingi, sifundishi chochote kipya.

Jogoo aliingia kwenye mafunzo baada ya alama 5 za msingi (kila siku ya kupimwa ni alama moja kwenye grafu). Samaki na Mwezi wakaendelea kupimwa bila kufundishwa. Samaki akaingia baada ya alama 8. Mwezi bado anasubiri. Sasa fikiri: kama ni kukua tu, kwa nini kila mstari ukae chini hadi siku ileile mtoto anapoingizwa, na si kabla? Mmoja ukipanda, sawa, inaweza kuwa bahati. Wa pili ukipanda kwa zamu yake, bahati inaanza kuwa ngumu kuielezea. Wa tatu nao ukisubiri zamu ndipo upande, hapo una hoja. Ndiyo maana viwango vya What Works Clearinghouse, mpango wa serikali ya Marekani wa kupima ubora wa tafiti za elimu, toleo la 2010, vinadai mabadiliko yajitokeze angalau mara 3 katika nyakati 3 tofauti, na kila kipindi kiwe na alama zisizopungua 5 ili utafiti ukubalike bila mashaka.

Nani aanze, tulipiga kura kwa vikaratasi mbele ya mwalimu mkuu. Sikutaka kumwanzisha yule ninayemwona yuko tayari, maana hapo ningekuwa nimejipendelea.

Na kuhusu Tanga: wale walikuwa na swali lao, kama mtoto asiye na mwalimu anaweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kupitia kishikwambi. Swali la namna hiyo linataka vijiji vingi. Swali langu ni kama Mwezi anaweza kuniambia ana kiu. Na mimi sidai kwamba watoto wangu watatu wanatosha kutunga sera. Horner na wenzake, watafiti wa elimu maalumu, waliandika 2005 kwamba mbinu ihesabiwe imethibitika pale ambapo kuna tafiti za namna hii zisizopungua 5, kutoka kwa timu 3 tofauti za mahali tofauti, zenye watoto 20 au zaidi kwa jumla. Mimi ni tofali moja kati ya hayo matano. Mwalimu wa Mtwara akirudia, na wa Kigoma akirudia, tunafika.

---

Kijana_wa_Programu

Mwalimu, mimi natengeneza programu za watoto. Sijaelewa kwa nini uhangaike na karatasi na kalamu. Kishikwambi kinarekodi kila mguso, saa na sekunde. Mtoto amegusa "maji" mara ngapi, ipo tayari. Data safi, haina upendeleo wa mwalimu.

---

Mwalimu_wa_Kitengo

Ndugu yangu, ngoja nikusimulie siku moja.

Ilikuwa siku ya tatu ya Jogoo na kishikwambi. Amekaa kwenye mkeka, kifaa mapajani, picha nne: maji, mpira, msaada, basi (yaani inatosha). Akagusa maji. Kikasema "maji". Akagusa tena. Akainamisha sikio mpaka likagusa spika, akagusa tena, akacheka. Alifanya hivyo mara 14, nimehesabu. Nikamletea kikombe kimejaa, akakisukuma pembeni bila kukitazama. Kumbukumbu ya kifaa inasema mtoto ameomba maji mara 14. Mtoto hakuwa na kiu. Alikuwa ameipenda sauti.

Usiku ule niliandika upya maana ya neno "ombi". Sasa ombi ni pale mtoto anapogusa picha, kisha ndani ya sekunde 5 anamtazama mtu mzima, au anamnyooshea mkono, au anakipokea kile alichokitaja. Bila hivyo ni mguso tu. Naandika yote mawili, miguso safu yake na maombi safu yake, na hizo safu mbili zinapoachana ndipo ninapojifunza kitu kuhusu mtoto. Kifaa chako kinaiona safu ya kwanza peke yake.

Jambo jingine. Samaki tulimpa kifaa kwenda nacho nyumbani siku za mwisho wa juma. Jumatatu kumbukumbu ikaonyesha amekitumia sana, nikafurahi. Mama yake akaniambia kaka yake ndiye aliyekuwa anacheza nacho. Kidole hakina jina. Tangu hapo matumizi ya nyumbani siyaingizi kwenye hesabu, namuuliza mama kwa simu na naandika maneno yake kama alivyoyasema.

Sikatai kumbukumbu za mashine. Kwa kujua mtoto amechelewa sekunde ngapi kabla ya kugusa, mashine inanishinda mbali. Lakini nia ya mtoto iko kwenye macho na mabega, na hayo anayaona mtu.

Na kwa kuwa unatengeneza programu, nina ombi kwako. Mbao nyingi za picha nilizozijaribu zimegawanya sentensi kama Kiingereza: kisanduku cha mimi, kisanduku cha kutaka, kisanduku cha maji. Mtoto wa Kiswahili hasemi hivyo. Anasema "nipe", "niinue", "nifungulie". Neno moja limebeba anayeomba, anayeombwa na jambo lenyewe. Nilipoweka kisanduku kimoja cha "nifungulie" chenye picha ya kopo na mkono, hatua tatu zikawa moja. Na sauti: ile ya mashine ilikuwa ya mwanamume mzima mwenye haraka. Tulimrekodi mtoto wa darasa la nne, kwa ruhusa ya wazazi wake, akasema maneno yote taratibu. Tafadhali tengenezeni programu ambazo mwalimu anaweza kurekodi mwenyewe bila kuhitaji intaneti.

---

Bint_Kisauni

Mwalimu nimefurahi sana kusoma, hasa hapo pa "nifungulie". Mimi niko Mombasa, nafundisha PP1, darasa la awali. Watafiti wa Kilifi walikutana na jambo hilohilo walipokuwa wakipima lugha ya watoto wadogo. Kuna orodha ya maneno ambayo kwengine mzazi hupewa ajaze mwenyewe, anatia alama maneno anayoyasema mwanawe. Walipoitengeneza kwa Kiswahili na Kigiriama hawakutafsiri tu. Walibadilisha maneno yafuate maisha ya pale, na badala ya kumpa mama karatasi, wakamsomea na kumuuliza, kwa sababu wazazi wengi hawakuwa wasomaji. Pia kuna kile kipimo cha ukuaji kinachoitwa Kilifi Developmental Inventory, cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kilichotengenezwa kwa vifaa ambavyo mtoto wa kijijini anavijua.

Nayasema haya kwa sababu huku wanafunzi wa vyuo wanatuletea vipimo vya ng'ambo vyenye picha ya kitu ambacho mtoto hajakiona maishani. Mtoto hajibu, wanaandika hajui. Wewe picha zako ulizipata wapi?

---

Mwalimu_wa_Kitengo

Dada, ahsante kwa hilo. Picha ni za vitu vyenyewe vya darasani. Kikombe kilichopigwa picha ni kikombe chake, chenye ule mwezi uliobanduka ukingoni. Mpira ni ule wetu wa njano. Mwanzoni nilitumia michoro ya kununua. Mwezi alilitazama bomba la kwenye mchoro kama mtu anayetazama ukuta. Sisi maji yanatoka kwenye ndoo yenye koki.

---

Mzee_wa_Chuo

Nimesoma kimya toka mwanzo. Mimi nasimamia tasnifu, na nakiri sisi wasimamizi tumewafundisha wanafunzi kwamba utafiti ni dodoso na jedwali la Krejcie na Morgan la kupanga ukubwa wa sampuli. Kwa hiyo nakuuliza kama ambavyo ningekuuliza kwenye jopo. La kwanza: unahesabu mwenyewe, unafundisha mwenyewe, na unatamani ifanikiwe. Nani anakuhakiki? La pili: unasema kishikwambi, lakini wewe pia unakaa na mtoto dakika 15 kila siku, unamsubiri, unamtazama. Utajuaje ni kifaa na si wewe?

---

Mwalimu_wa_Kitengo

Shikamoo mzee wangu. Maswali yote mawili yananihusu hasa.

La kwanza. Tunarekodi video kila siku. Mwalimu mwenzangu, ambaye hajui siku ile ni ya kipindi gani, anaangalia video nilizomchagulia kwa kura na anahesabu peke yake. Kiwango kinachotakiwa ni asilimia 20 ya siku katika kila kipindi, na makubaliano yasiyo chini ya asilimia 80. Sisi tunafanya theluthi moja. Kukubaliana kwetu mara ya kwanza kulikuwa kubaya: nafasi 10, tulipatana 6. Ugomvi wote ulikuwa juu ya Samaki, ambaye anatazama kwa pembeni ya jicho. Mwenzangu hakuona kama ni kutazama. Ilibidi tukae na mama yake, tumwonyeshe video, naye akatuonyesha kidole gumba cha mwanawe: "Akikutaka, dole gumba linaingia ndani ya ngumi." Tuliliweka kwenye maelezo ya ombi kwa Samaki peke yake. Tangu hapo tunapatana 9 kwa 10.

Anahesabu na mimi pia. Kuna karatasi yenye hatua zangu: umeweka kitu mahali pake, umesubiri sekunde 5, hukusema neno, umeongoza mkono tu baada ya kusubiri. Aligundua kuwa kwa Jogoo ninasubiri sekunde 2. Nisingelijua hilo mpaka kesho.

La pili ni zito zaidi. Mtoto anapoingia kwenye mafunzo, siku zake zinagawanyika kwa kura: siku ya kishikwambi, siku ya kadi za karatasi zenye picha zilezile. Mimi ni yuleyule, sekunde 5 ni zilezile, mkeka uleule. Kinachobadilika ni kama picha inatoa sauti au haitoi. Mistari miwili kwenye grafu moja. Ikiwa kadi na kifaa vinakwenda sambamba, basi nitaandika wazi kwamba kilichomsaidia mtoto ni kusubiriwa, na shule isiyo na umeme isingoje kishikwambi.

Nimejifunza hili kutoka kwa mtafiti wa usonji Connie Kasari na wenzake, waliochapisha 2014. Watoto 61 wa Marekani wa miaka 5 hadi 8, wenye usonji na maneno machache sana. Wote walipata mtu mzima wa kucheza nao kwa mbinu maalumu. Nusu wakaongezewa kifaa cha sauti tangu mwanzo, na hao ndio waliozidi kuwasiliana kwa kujianzia wenyewe. Wengi wananukuu kifaa na kumwacha yule mtu mzima aliyekaa sakafuni. Hakuna mtoto aliyepewa kifaa peke yake.

Mpaka sasa kwa Jogoo naona jambo ambalo sikulitegemea. Siku ya kadi ananyanyuka, anavuka mkeka, anaiweka kadi kiganjani mwangu na kuibonyeza kwa kidole. Siku ya kishikwambi anabaki alipo, kwa sababu sauti inanifikia. Anaomba haraka zaidi, lakini haji. Sijui bado lipi nilipe uzito zaidi kati ya haya, na nimeongeza safu ya tatu: amesogea au hakusogea.

---

Mama_wa_Pacha

Mwalimu, mimi si msomi. Nina mtoto asiyeongea, ana miaka mitano. Nimesoma yote na kuna kitu kimenikaa. Huyo Mwezi. Mnampima kila siku anapata sifuri, wenzake wanafundishwa, yeye anasubiri ili mstari wake utulie. Angekuwa mwanangu ningeuliza, kwa nini wangu awe wa mwisho?

---

Mwalimu_wa_Kitengo

Mama, umeuliza walichonacho wazazi wote mioyoni, na mama yake Mwezi aliniuliza vilevile siku aliyoweka dole gumba kwenye fomu. Nilimjibu hivi, nakujibu na wewe hivyohivyo.

Kura ndiyo iliyompanga wa mwisho, na mama yake alikuwepo. Wakati anasubiri hajaachwa: masomo yake yote, nyimbo, mazoezi ya mikono, chakula, vinaendelea kama kawaida. Na zile nafasi 10, asipoomba, anapewa tu. Hakuna mtoto anayenyimwa maji ili nipate namba. Kusubiri kwake kuna kikomo kilichoandikwa, hakizidi wiki tatu, grafu itulie isitulie. Na nilimwambia mama kwamba sijui kama kifaa kitamsaidia; ningejua, nisingekuwa na haki ya kumfanya asubiri hata siku moja.

Kitu kingine nilichomwahidi ni kwamba mtoto mwenyewe pia ana sauti kwenye ridhaa. Hawezi kusema hapana, lakini akigeuza mgongo mara mbili, au akianza kujipiga paji la uso, siku hiyo imekwisha, naandika "amekataa" na ninafunga daftari. Ninazo siku nne za namna hiyo na sizifuti, zinabaki kwenye grafu kama nafasi tupu. Barua za chuo, katibu tawala wa mkoa (RAS), mkurugenzi wa halmashauri (DED), afisa elimu, zote ninazo kwenye faili, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mamlaka ya kusema ndiyo kwa niaba ya mgongo wa mtoto. Na video haziendi kwenye makundi ya WhatsApp, hata kama ni nzuri kiasi gani. Zinakaa kwenye diski iliyofungwa, na mama akisema futa, nafuta.

---

Fundi_Takwimu

Mwalimu, naondoa pingamizi langu la kwanza. La pili linabaki: ukimaliza, usiniletee macho tu kwenye grafu. Niletee na hesabu ya kiasi gani alama za baada zinapishana na za kabla, kwa kila mtoto. Nitakusaidia bure, niandikie faragha.

---

Mwalimu_wa_Kitengo

Nashukuru sana mkuu, nitakuandikia usiku huu.

Taarifa kwa wote waliouliza juu ya Mwezi. Leo nimechora alama yake ya 12. Nne za mwisho zimelala kwenye mstari mmoja, na kikomo tulichoandika kinafika kesho kutwa. Mwenzangu ameziangalia naye peke yake, tumepatana. Kura ya siku ya kwanza imeangukia kadi. Kikombe chake nimekisugua, picha ya mwezi nimeibandika upya, kadi ziko kwenye mfuko. Kesho baada ya uji tunaanza.